MAARIFA YA SOKO: Jinsi ya kuteua mipangilio ya viashiria vya bei za hisa bila kujihadaa

MTU anayefungua programu ya kuchora bei za hisa kwa mara ya kwanza hukutana na nambari ambazo hakuziomba. Kiashiria kimoja kimeandikwa 14, kingine 20 na 2, kingine 12, 26 na 9. Nambari hizo huitwa mipangilio, nazo ndizo huamua bei za siku ngapi zihesabiwe kabla ya tarakilishi kutoa ishara ya kununua au kuuza. Baada ya wiki chache za faida na hasara, karibu kila mwekezaji hujiuliza swali lile lile: je, nambari hizi zikibadilishwa, mapato hayataongezeka?

Swali lenyewe ni halali, ila jibu lake limewafilisi wengi. Tarakilishi ya kawaida yaweza kujaribu maelfu ya mipangilio kwa muda wa kunywa kikombe cha chai, na haikosi kupata mmoja ambao, ukipimwa kwa bei za miaka iliyopita, ungaligeuza Sh100,000 kuwa mamilioni. Mwekezaji huuchukua mpangilio huo, huukabidhi akiba yake au mkopo wa Sacco, na kabla ya mwaka kwisha hugundua kwamba soko halina habari na nambari zake. Mara nyingi kasoro haipo katika kiashiria. Imo katika namna nambari zilivyoteuliwa.

KIASHIRIA HUFANYA NINI

Viashiria vya kiufundi ni hesabu zinazofanywa juu ya bei, na wakati mwingine juu ya wingi wa hisa zilizouzwa, bila kutazama faida ya kampuni, madeni yake wala uongozi wake. Kinachotumika zaidi ni wastani unaosonga. Mathalani, hisa ikifunga kwa Sh20, Sh21, Sh22, Sh21 na Sh26 kwa siku tano mfululizo, jumla ni 110 na wastani wa siku 5 ni Sh22. Siku ya sita ikifunga kwa Sh28, ile Sh20 ya kwanza hudondoshwa, jumla inakuwa 118 na wastani Sh23.60. Hivyo ndivyo mstari unavyosonga siku baada ya siku, ukiifuata bei kwa nyuma.

Wastani wa siku chache huikaribia bei na kugundua mabadiliko mapema, lakini pia hushtuliwa na kila kishindo kisicho na maana. Wastani wa siku nyingi hautikisiki ovyo, ila hutoa habari baada ya sherehe kwisha. Hakuna nambari inayoondoa kasoro zote mbili kwa pamoja. Kwa hivyo, anayeteua mpangilio huwa anachagua ni kosa lipi kati ya hayo mawili yuko tayari kulilipia.

Mfumo wa biashara hupatikana pale kiashiria kinapofungwa kwenye kanuni isiyoacha nafasi ya kusitasita. Ulio maarufu zaidi hutumia wastani mbili: nunua wakati wastani mfupi, tuseme wa siku 50, unapoukata ule mrefu wa siku 200 kwenda juu; uza unapoukata kwenda chini. Kwa kuwa kanuni ni bayana, tarakilishi yaweza kuirudisha nyuma hadi mwaka wowote ambao bei zake zimehifadhiwa na kueleza ingaliingiza kiasi gani. Uwezo huo wa kurudi nyuma ndio manufaa yake makuu, na ndio mtego wake.

NAMBARI ZILITOKA WAPI

Anayedhani kwamba 14 au 26 zilifikiwa baada ya uchunguzi mrefu atashangaa. Mmarekani J. Welles Wilder, aliyekuwa mhandisi wa mitambo kabla ya kujitosa katika biashara, alichapisha mwaka 1978 kitabu kilichowapa wafanyabiashara RSI, yaani kipimo kinacholinganisha nguvu ya kupanda na ya kushuka kwa bei, pamoja na viashiria vingine kadhaa ambavyo hadi leo vimo katika takriban kila programu. Alitumia siku 14, ambazo huelezwa kuwa nusu ya mzunguko wa siku 28. Hata hesabu yake ya kulainisha wastani ilikuwa ya mtu mwenye kalamu, karatasi na kikokotoo kidogo: zidisha thamani ya jana kwa 13, ongeza ya leo, kisha gawanya kwa 14.

Richard Donchian, mmoja wa waasisi wa uwekezaji wa kufuata mwelekeo wa bei nchini Marekani, alipendelea wastani wa siku 5 na 20. Soko hufunguliwa siku 5 kwa wiki, na wiki 4 ni siku 20. Hapakuwa na siri kubwa kuliko hiyo. Gerald Appel aliipa MACD yake nambari 12, 26 na 9. John Bollinger naye, katika miaka ya 1980, aliuzungushia wastani wa siku 20 kanda mbili zinazopanuka bei inapoyumba na kusinyaa inapotulia.

Kisa cha Japani ndicho kinachofurahisha zaidi. Mwandishi wa habari Goichi Hosoda aliujenga mfumo wa Ichimoku kwa nambari 9, 26 na 52. Enzi hizo soko la Tokyo lilifunguliwa hata Jumamosi, na mwezi ulikuwa na takriban siku 26 za biashara. Biashara ya Jumamosi ilikoma nchini humo mwishoni mwa miaka ya 1980, lakini 26 imeendelea kuishi duniani kote, hata katika tarakilishi ya mtu anayechora bei za Nairobi, ambako mwezi wa soko hauzidi siku 23.

Je, nambari hizo za kurithi zitupwe? La, si lazima. Zina sifa moja ambayo haionekani kwa urahisi: aliyeziteua hakuwa ameziona bei za hisa ambayo mwekezaji wa leo anataka kuinunua. Hazikushonwa kwa vipimo vya hisa hiyo. Nambari iliyopatikana kwa kupekua bei za hisa hiyo hiyo kwa miaka mitano haiwezi kujivunia sifa hiyo, hata ikiwa imeonyesha faida mara tatu zaidi.

MIAKA MIA MOJA YA DOW JONES

Mfano bora wa jambo hili unapatikana katika fahirisi ya Dow Jones, yaani kipimo cha jumla cha bei za hisa kubwa za viwanda nchini Marekani, kilichoasisiwa mwaka 1896. Kwa miongo mingi wasomi wa uchumi waliwadharau wachoraji wa bei na kuwaweka karibu na wapiga ramli. Mwaka 1992, William Brock, Josef Lakonishok na Blake LeBaron walichapisha utafiti uliowalazimu wengi kunyamaza kidogo.

Watatu hao walichukua bei za kila siku za Dow Jones kuanzia 1897 hadi 1986, wakazijaribia kanuni 26. Baadhi zilihusu kukatana kwa wastani, kama vile siku 1 na 50, 5 na 150, au 2 na 200. Nyingine zilinunua pale bei ilipopita kilele chake cha siku 50, 150 au 200. Matokeo yalielekea upande mmoja. Kwa jumla, siku zilizofuata ishara ya kununua zililipa kwa kasi ya takriban asilimia 12 kwa mwaka, na zile zilizofuata ishara ya kuuza zilipoteza kwa kasi ya takriban asilimia 7. Kama bei hutembea kama mlevi asiyejua aendako, tofauti ya kiasi hicho haikutarajiwa.

Watafiti hao walifanya jambo la uungwana ambalo wauzaji wengi wa mifumo hawalifanyi. Walichukua kanuni zilizokuwa zikitumika sokoni tangu zamani badala ya kubuni zao, wakachapisha matokeo ya zote 26 badala ya kuchagua zilizong'aa, na wakaigawa ile miaka 90 katika vipindi ili kuona iwapo faida ilitoka katika kipindi kimoja tu.

Hata hivyo, swali moja lilibaki. Kwa nini kanuni hizo 26 ndizo zilizojulikana? Bila shaka kwa sababu zilikuwa zimefaulu. Wachoraji wa bei wa vizazi kadhaa walijaribu mamia ya nyingine, zikawatia hasara, zikasahaulika. Kwa maana hiyo soko lenyewe lilikuwa limefanya utafutaji mkubwa, na hakuna aliyeandika idadi ya majaribio yaliyoanguka.

Ndipo mwaka 1999 Ryan Sullivan, Allan Timmermann na Halbert White wakachapisha jibu. Walikusanya kanuni 7,846, kuanzia wastani unaosonga hadi kupenya kwa vilele na mabonde ya bei. Kisha walitumia mbinu ya White isiyoishia kuuliza kama kanuni bora imepata faida. Huuliza kama imepata faida kubwa kuliko ile ambayo bora kati ya 7,846 ingepata kwa bahati tu. Hicho ni kipimo kikali zaidi, kwani miongoni mwa maelfu daima atakuwepo wa kwanza, hata kama wote wanabahatisha.

Kwa kipindi cha hadi 1986, kanuni bora iliushinda hata mtihani huo. Waliokuwa wakitetea viashiria wangeweza kushangilia hapo. Lakini watafiti walisonga mbele hadi miaka 10 iliyofuata, 1987 hadi 1996, ambayo bei zake hazikuwa zimetumiwa katika uteuzi. Kanuni iliyoongoza kwa miaka 90 haikuonyesha ushahidi wowote wa kuendelea kuongoza.

Kuna undani mwingine katika utafiti huo unaostahili kutazamwa kwa makini. Wakiitazama miaka yote 100 kwa pamoja, kanuni iliyoibuka kidedea ilikuwa nyepesi mno: wastani wa siku 5. Mapato yake yalikaribia asilimia 17 kwa mwaka kabla ya gharama, lakini ilitoa ishara zaidi ya 60 kila mwaka. Gawanya 17 kwa 63, upate takriban 0.27. Yaani gharama ya asilimia 0.27 kwa kila ishara ingetosha kuimeza faida yote. Nchini Marekani, viwango vya kamisheni ya madalali vilikuwa vimefungwa, pasipo ushindani wa bei, hadi Mei 1, 1975. Faida iliyoonekana katika karatasi kwa sehemu kubwa ya karne hiyo haikuwa ya kuchukuliwa na mtu wa kawaida.

BAHATI IKIVAA JOHO LA UTAALAMU

Watu 1,024 wakikusanyika uwanjani Kasarani na kila mmoja akarusha sarafu mara 10, inatarajiwa kwamba mmoja wao atapata kichwa mara zote 10. Hakuna atakayemwita bingwa wa kurusha sarafu wala kumkabidhi karo ya watoto. Lakini mfumo ukiteuliwa kutoka kwa mipangilio 1,024 iliyojaribiwa, mara nyingi huonyeshwa peke yake, bila wale 1,023 walioshindwa.

Hesabu za mipangilio huongezeka haraka kuliko inavyodhaniwa. Mtu akijaribu wastani mfupi wa siku 1 hadi 50 pamoja na mrefu wa siku 51 hadi 250, tayari ana jozi 10,000. Akiongeza viwango 10 vya kikomo cha hasara, anafika 100,000. Miaka mitano ya soko ina takriban siku 1,250. Ni kama kuwa na mashahidi 1,250 wa kuamua kesi 100,000, tena mashahidi wanaosimulia kisa kimoja.

Mwaka 2014 wanahisabati David Bailey, Jonathan Borwein, Marcos López de Prado na Qiji Jim Zhu walionyesha jinsi ukomo huo ulivyo wa karibu. Kwa bei za kila siku za miaka mitano, walisema, mtu asijaribu zaidi ya mipangilio 45 inayojitegemea. Akizidisha hapo, karibu ni hakika atapata mmoja unaoonekana kuwa mzuri wa kuvutia wawekezaji, ilhali matarajio yake halisi katika siku zijazo ni sufuri. Mipangilio 45! Programu nyingi humaliza idadi hiyo kabla mtu hajaondoa kidole kwenye kitufe.

Kuhusu upumbavu unaoweza kuzaliwa na upekuzi wa data, David Leinweber alitoa mfano ambao haujasahaulika. Alipekua mkusanyiko wa takwimu za mataifa na kugundua kwamba uzalishaji wa siagi nchini Bangladesh ulieleza asilimia 75 ya mabadiliko ya fahirisi ya S&P 500 ya Marekani katika kipindi alichochagua. Alipoongeza jibini ya Marekani na idadi ya kondoo, alifika asilimia 99. Alikuwa akifanya mzaha, lakini kuna watu waliomwandikia baadaye wakiulizia takwimu mpya za siagi.

NAMNA YA KUPIMA

Hayo yote hayamaanishi kwamba mipangilio isiguswe kamwe. Yanamaanisha kwamba kila nambari iliyoteuliwa ifanyiwe mtihani katika bei ambazo haikuziona. Njia ya moja kwa moja ni kuigawa historia sehemu mbili, kuteua kwa kutumia ya kwanza na kupima kwa kutumia ya pili. Udhaifu wake ni wa kibinadamu: matokeo ya sehemu ya pili yakiwa mabaya, mtu hurudi kurekebisha nambari, hupima tena, na tena, hadi ile sehemu ya pili nayo inakuwa imetumika katika uteuzi bila mwenyewe kukiri.

Robert Pardo, katika kitabu chake cha mwaka 1992, aliipendekeza njia ya kusonga hatua kwa hatua, ambayo imekuwa desturi kwa wanaojenga mifumo. Mathalani, mtu mwenye bei za 2005 hadi 2024 huteua mpangilio kwa kutumia 2005 hadi 2009, kisha huupima katika 2010 pekee. Halafu huteua upya kwa 2006 hadi 2010, hupima katika 2011, na kuendelea hivyo hadi 2024. Mwishoni anakuwa na miaka 15 ya matokeo, na hakuna hata mwaka mmoja kati yake ambao nambari iliyotumika iliteuliwa kwa bei za mwaka huo. Faida ya miaka hiyo 15 ikiwa ndogo mno ikilinganishwa na ile ya vipindi vya uteuzi, mwenye mfumo ameshajibiwa.

Njia hiyo hufichua jambo jingine pia. Ikiwa mpangilio bora ulikuwa siku 30 katika kipindi kimoja, 140 katika kinachofuata na 12 baadaye, basi kinachofuatwa ni kivuli.

Ujirani wa nambari ni ushahidi ambao haugharimu chochote. Tuseme wastani wa siku 48 umeonyesha faida kubwa, huku wa siku 47 na wa siku 49 ukionyesha hasara. Hakuna sababu yoyote duniani ya soko kuipenda 48 na kuichukia 49. Uwezekano mkubwa ni kwamba biashara moja au mbili za bahati ziliangukia hapo. Lakini kama siku 40 hadi 60 zote zimeleta faida inayokaribiana, hata ikiwa ndogo kuliko ile ya 48, hapo pana uwanda mpana wa kusimamia. Mwenye busara huchagua katikati ya uwanda na kukiacha kilele chembamba, japo humuuma kuona faida ya karatasi ikipungua.

Jaribio la kuchanganya bei halitumiki vya kutosha. Mabadiliko ya bei ya kila siku huchanganywa kama karata, historia bandia ikaundwa isiyo na mwelekeo wowote wa kufuatwa, kisha utafutaji wote hurudiwa juu yake. Zoezi hilo likifanywa mara mia kadhaa, mtu huona faida ambayo tarakilishi yake hupata pale ambapo hakuna cha kupatikana. Mfumo halisi usipoizidi faida hiyo kwa umbali wa kutosha, ulichopima ni bidii ya tarakilishi.

Zaidi ya hayo, mpangilio unaofaa hisa moja tu ni wa kutiliwa shaka. Richard Dennis wa Chicago, pamoja na mwenzake William Eckhardt, walipowafunza wafanyabiashara chipukizi walioitwa Kobe kuanzia mwishoni mwa 1983, waliwapa kanuni mbili: nunua bei inapopita kilele cha siku 20 na kutoka inapovunja bonde la siku 10, au nunua kwa kilele cha siku 55 na kutoka kwa bonde la siku 20. Nambari hizo hizo zilitumika kwa kahawa, kakao, sukari, dhahabu na fedha za kigeni. Hazikurekebishwa ili zifae kahawa kisha zikarekebishwa tena kwa dhahabu. Isitoshe, sehemu kubwa ya mafunzo ilihusu kiasi cha fedha cha kuweka katika kila biashara kulingana na kuyumba kwa bei, suala ambalo wanaotafuta nambari za miujiza hulipuuza kabisa. Na hata Dennis mwenyewe alipata hasara kubwa miaka ya 1987 na 1988.

BEI ZA NAIROBI

Mwekezaji wa Soko la Hisa la Nairobi (NSE) anayeazima mipangilio kutoka kwa vitabu vya Marekani hukumbana na matatizo ambayo vitabu hivyo havikuyafikiria.

La kwanza ni gharama. Chukulia kwamba kamisheni ya dalali pamoja na ada nyinginezo ni asilimia 1.5 wakati wa kununua na asilimia 1.5 wakati wa kuuza. Kila safari ya kuingia na kutoka inagharimu asilimia 3. Mfumo unaofanya safari 12 kwa mwaka lazima uipate asilimia 36 kabla ya kumwachia mwenyewe hata senti moja. Ule wastani wa siku 5 wa Dow Jones ungezikwa katika robo ya kwanza ya mwaka. Kwa hivyo, gharama huingizwa katika majaribio tangu mwanzo, kwani hubadilisha nambari yenyewe inayoibuka bora. Mara nyingi husukuma uteuzi kuelekea wastani mrefu.

La pili ni uchache wa biashara. Kuna kaunta ambazo hupitisha siku kadhaa bila bei kusonga. RSI ya hisa ya aina hiyo huweza kuruka kuelekea 100 kwa sababu ya mnunuzi mmoja aliyelipa senti chache zaidi, na programu ikatangaza kwamba hisa imenunuliwa kupita kiasi. Vilevile, majaribio mengi huchukulia kwamba ishara iliyotokana na bei ya kufunga ingeweza kutekelezwa kwa bei hiyo hiyo ya kufunga, hali soko limeshafungwa. Kikomo cha hasara nacho si kinga kamili pale ambapo hakuna mnunuzi, au bei imeshagonga ukomo wa asilimia 10 unaoruhusiwa kwa siku.

Data zenyewe zahitaji kusafishwa. KCB iligawanya kila hisa yake kuwa 10 mwaka 2007, na Equity ikafanya vivyo hivyo mwaka 2009. Katika orodha ya bei ambayo haikurekebishwa, hisa hizo zinaonekana kupoteza asilimia 90 kwa usiku mmoja. Mfumo utauza kwa hofu, utanunua tena chini, na tarakilishi itasifu au kulaani mpangilio kwa sababu ya tukio ambalo halikumpotezea mwenye hisa chochote.

Kisha kuna kampuni zilizotoweka. Anayepima mfumo kwa kutumia kaunta zinazouzwa leo pekee ameshawaondoa walioanguka kabla mbio hazijaanza. Biashara ya hisa za Mumias ilisimamishwa mwaka 2019. Za Kenya Airways zilisimamishwa Julai 2020 na kurejea Januari 2025. Katika muda huo wote ishara ya kuuza isingalimsaidia mtu, maana hapakuwa na soko la kuuzia.

Pia kipindi kinachotumika kuteua nambari hubeba tabia yake. Fahirisi ya NSE 20 ilizidi pointi 6,000 Januari 2007, ikawa chini ya 2,500 mapema 2009. Safaricom, iliyouzwa kwa umma kwa Sh5 mwaka 2008, ilipita Sh40 mwaka 2021 kisha ikaanguka chini ya Sh15 mwaka 2023. Mtu aliyeteua mpangilio wake kwa bei za Safaricom za kati ya 2012 na 2021 angepata nambari nyingi za kupendeza, kwa kuwa katika mpando mrefu namna hiyo karibu kila kanuni inayokaa ndani ya hisa hulipa. Kipimo cha haki hapo ni kulinganisha na mtu aliyenunua akalala, akipokea na mgao wake wa faida kila mwaka. Mifumo mingi haimshindi huyo aliyelala.

Ikumbukwe vilevile kwamba sehemu ya mapato katika tafiti za Dow Jones ilitegemea siku za ishara ya kuuza, ambapo mfanyabiashara huuza hisa asizomiliki akitarajia kuzirudisha kwa bei ya chini. Mwekezaji wa kawaida wa Nairobi hana njia rahisi ya kufanya hivyo. Kwake ishara ya kuuza ina maana ya kukaa na fedha taslimu tu, na majaribio yake yanapaswa kuhesabiwa hivyo.

Kwa anayenunua mfumo uliokwisha kutengenezwa, kama inayotangazwa kwenye intaneti kwa michoro ya faida inayopanda kama ngazi, yapo maswali machache ya kumuuliza muuzaji. Mipangilio mingapi ilijaribiwa kabla ya huu kuchaguliwa? Ni sehemu gani ya mchoro inayotokana na bei ambazo hazikutumika katika uteuzi? Gharama zilihesabiwa kwa kiwango gani? Nambari ikisogezwa kwa siku mbili huku au kule, mchoro unakuwaje? Asiyeweza kujibu swali la kwanza kwa idadi hana cha kuuza.

Na kwa anayejitengenezea, daftari ni chombo cha lazima kuliko programu. Kila jaribio liandikwe siku lilipofanywa, likiwemo lililoshindwa, pamoja na nambari zake na kipindi cha bei kilichotumika. Baada ya miezi sita ya kujaribu jioni baada ya kazi, idadi katika daftari hilo huwa ya mamia, na mpangilio unaoongoza hupaswa kupimwa ukilinganishwa na mamia hayo, si ukiwa peke yake.